Mpishi Aliyebaki na Masufuria Yake

Asubuhi pale Olumbi, kijiji cha pwani, kabla jua halijawa kali, ungemsikia mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Huyo ni Alima, mke wa Aiuba. Alisugua hata sufuria ambalo halikupikiwa kitu tangu juma lililopita. Mumewe akimwambia apumzike, yeye humjibu kwamba sufuria chafu ni aibu ya mpishi, na mkono unaendelea.

Masufuria yenyewe si ya nyumbani. Ni yale makubwa ya shughuli, mtoto anaweza kuogea ndani. Ya harusi, ya maulidi, ya arobaini. Siku watu walipokimbia vita, kila mmoja alibeba alichoweza: mtoto, godoro, kuku. Masufuria hayabebeki. Alima akachimba shimo nyuma ya nyumba, akayafukia, akatupa makuti juu yake, akakimbia. Waliporudi, nyumba ilikuwa majivu. Aiuba alikaa chini akalia. Alima alitafuta jembe, akaenda nyuma kuchimba. Masufuria yalikuwapo yote, yamejaa mchanga na siafu.

Wapishi wengine wa Olumbi walirudi mikono mitupu. Kijiji kizima hakikuwa na sufuria la shughuli isipokuwa yale ya Alima. Na Alima hakuwa mchoyo. Nalisema hilo mapema, maana wapo wanaopenda kumzulia. Mpishi mwenzake akipata kazi, alikuja kuchukua sufuria bila kulipa kitu. Akiishiwa bizari, Alima alimpa. Akiwa hajui kupika pilau ya watu wengi, Alima alikwenda kumwonyesha mpaka akaweza. Wapishi wengi huficha ujuzi wao. Yeye hakuficha.

Shida ilikuwa mdomo. Akishatoa, hawezi kunyamaza. Leo amekupa, kesho anakusimanga. Atasema kisimani, mbele ya watu, kwamba harusi ya fulani bila sufuria lake wageni wangelala na njaa. Na wewe fulani upo hapo hapo, umeshika ndoo. Zubeida, mpishi mwenzake, aliazima mwiko mara moja tu. Alisimangwa kwa mwiko ule mpaka akaenda kuchongesha wake. Alima mwenyewe alidhani anatania. Alicheka, na watu walicheka naye, kisha wakaenda zao.

Tena kulikuwa na jambo la pili, na hili wengi wetu hatulioni kuwa ni kosa. Alima hakupokea kitu cha mtu. Ukimletea hata muhogo, anakuambia ahsante, mimi ninao. Alitaka awe mtoaji yeye peke yake, siku zote. Alidhani huo ndio ukarimu.

Sasa nije kwa Judite. Judite alitoka bara, upande wa Muidumbe. Ni Mmakonde, ni Mkristo, na hapa pwani hakuwa na ndugu. Alifika na kapulana moja mwilini, yaani kitambaa cha kujifunga, na binti yake mdogo mkononi. Nyumba iliyofunguliwa ilikuwa ya Alima. Aliwapa pa kulala, akawalisha, kisha akamchukua Judite jikoni. Akamfundisha kuchuja tui la sufuria kubwa, moto upunguzwe wakati gani, makaa yawekwe juu ya mfuniko wakati gani. Judite alishika upesi. Alipokuwa mpishi hasa, Alima akampa sufuria moja liwe lake. Alimpa, hakumwazima. Judite alimwita mana, yaani dada, na alilisema neno hilo kwa mapenzi.

Siku moja Judite alimletea kisamvu alichokitwanga mwenyewe, kimeungwa kwa karanga. Alima akasema kisamvu anacho. Bakuli lile akampa mtu aliyekuwa anapita njiani, Judite akiwa bado amesimama uani.

Kisha ikaja harusi moja karibu na msikiti. Judite alipika pilau, na pilau ile ilikuwa kitu kingine. Wanawake waliotoka Mbau walikula, wakauliza nani kapika, maana na wao walikuwa na shughuli mbele. Watu wakamwonyesha Judite. Hajafungua kinywa, Alima akadakia.

"Huyo? Mngemwona siku aliyofika hapa. Kapulana moja, na mtoto wake analamba ukoko wa sufuria langu. Pilau hiyo ni yangu mimi. Yeye kashika mwiko tu."

Wanawake walicheka. Judite alimaliza kupakua, maana hakuwa mtu wa kuacha wageni na njaa. Wale wa Mbau waliondoka bila kumwita kwenye shughuli yao. Asubuhi yake Alima alifunua turubai la mlangoni akakuta lile sufuria alilompa limefudikizwa pale nje, limesuguliwa mpaka linang'aa.

Alima alikasirika sana. Akamwambia mumewe kwamba watu hawana shukrani. Aiuba ni mtu mpole, akamwuliza kama kuna neno alilitamka. Alima akajibu kwamba alisema kweli tupu. Na ni kweli, ya kapulana na ya ukoko yalikuwa kweli, ila pilau ilikuwa ya Judite.

Mwaka huohuo wakaja wajenzi. Shule ya Olumbi iliyoungua ilikuwa inajengwa upya, na obra ile, yaani kazi ya ujenzi, ilikuwa kubwa, wafanyakazi ni wengi. Msimamizi wao aliitwa Bernardo. Alisikia habari za masufuria ya Alima, akaja mwenyewe kumwona. Alimweleza kwamba Jumamosi watakuja wageni wa serikali kuangalia kazi inavyoanza. Apike chakula cha wageni na wafanyakazi wote. Mambo yakienda vizuri, jiko la obra ni lake mpaka shule iishe.

Ewe msomaji, fikiria. Nyumba ya Alima bado ilikuwa ya maturubai. Aiuba alikuwa anavua kwa nyavu za mtu mwingine, anarudi na vidagaa vya kitoweo. Jiko la obra lilikuwa paa, lilikuwa mlango, lilikuwa nyavu zake Aiuba mwenyewe. Alima alikubali kabla Bernardo hajamaliza kusema.

Lakini kazi ya shughuli haifanywi na mtu mmoja, hata awe hodari vipi. Wali unataka mtu wake, nyama inataka mtu wake, kuni zinataka mtu wake. Alima akajifunga kanga akaenda kuwaita wenzake. Zubeida akasema anauguliwa na mama mkwe. Mwingine akasema Jumamosi ana safari ya Palma. Mwingine hakutoka ndani, alimtuma mtoto aseme hayupo. Kwa Judite, Alima alipita barabarani tu. Aliona aibu kubisha hodi.

Jumamosi alipika na Aiuba. Aiuba anajua samaki wa kuchoma, basi. Alima alikimbia kutoka moto huu kwenda moto ule. Akigeuza wali huku, nyama inashika chini kule. Akiokoa nyama, tui linamwagika. Adhuhuri ikapita. Wageni wakatazama saa zao, wakanywa soda, wakala biskuti, wakapanda magari. Wafanyakazi ndio waliobaki, wakapewa wali ambao juu ni mbichi na chini ni mkaa.

Bernardo hakugomba. Afadhali angegomba. Alimwambia taratibu, "Senhora, mkono wako nimesikia ni mzuri. Lakini mimi natafuta jiko lenye watu." Juma lililofuata akaja mama mmoja kutoka Palma na wenzake, wanacheka, wanaimba, kila mmoja anajua nafasi yake. Jiko la obra likawa lao.

Alima alikaa chini penye majivu ya mafiga yake, hakupika hata cha nyumbani. Jirani yake, Bi Mwajuma, alimfuata hapo. Bi Mwajuma ni mkubwa wa chama cha wanawake wanaokausha samaki. Chama kile kilianza kabla ya vita, kikavunjwa na vita, na waliporudi kikasimama tena, wanawake ni walewale. Mtu wa namna hiyo anajua kitu kuhusu kufanya kazi na watu.

"Nimewapa kila kitu, Bi Mwajuma," Alima alisema. "Kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyekuja."

"Unataka nikupe pole, au unataka nikuambie?"

Alima akasema aambiwe.

"Zamani nilikuwa nakuja kuomba moto kwako. Siku moja ukasema njiani kwamba kwa Mwajuma hakuwaki mpaka Alima atake. Tangu siku hiyo moto nafuata kwa Zubeida, kule mbali, na magoti yangu haya. Umewahi kujiuliza?"

Alima hakuwahi kujiuliza. Alikumbuka kwamba Bi Mwajuma siku nyingi haji kuomba moto, lakini alidhani amenunua kiberiti.

Bi Mwajuma akaketi, akamweleza. Alimwambia kwamba chamani kwao mtu akiishiwa chumvi anapewa chumvi, na habari inaishia hapo. Kama ni ya kurudisha, anaambiwa palepale, utanirudishia, asije akadhani kapewa. Kama ni ya kupewa, basi imeshatoka, na aliyeitoa haitaji tena, si kisimani, si kwa mzaha, si wakati wa hasira. Mwenzao akisifiwa kwa kazi yake wanamwacha asifiwe, hata kama walimfundisha wao. Na mtu akiwaletea kitu wanapokea.

"Hata kama sikihitaji?" Alima aliuliza.

"Hata kama hukihitaji. Mtu anayepokea tu kila siku anachoka, mwanangu. Anajiona ombaomba. Akikupa na yeye, ndipo mnakuwa wenzi."

Hapo Alima akapandwa na hasira. Akasema kwamba masufuria aliyafukia yeye, aliyafukua yeye, na vita vilimpiga kama vilivyompiga kila mtu. Sasa anyamaze kana kwamba hakutenda lolote?

"Ndiyo," Bi Mwajuma alisema. "Shehe ametusomesha kila Ramadhani, ukitoa sadaka kisha ukaisimbulia, umeiharibu. Tunaitikia, tunatoka nje, tunasimbulia. Wewe hukuwanyima wenzio kitu. Uliwapa, kisha ukawatoza aibu yao. Hiyo aibu ni ghali, hakuna anayetaka kuinunua tena."

Bi Mwajuma akaenda zake. Alima alilia, na sikwambii alilia kwa kujuta. Siku ya kwanza alilia kwa hasira. Majuto yalikuja baadaye, polepole.

Yalipokuja, alichukua sufuria lile la Judite akaenda kwake. Judite alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama, lakini alimkaribisha kwenye mkeka, maana ndiyo adabu. Alima alisema alilokwenda kulisema. Alikosa. Alimfedhehesha mbele ya watu. Anaomba radhi, na sufuria ni la Judite, halina maneno tena.

Judite alipepeta kwanza.

"Mimi ningeweza kusahau, mana. Kapulana moja ni kweli nilikuja nayo, sikuiba. Lakini binti yangu alikuwa nyuma yako pale, ana sahani yake. Alikusikia kuhusu ukoko. Tangu siku ile hali chakula cha shughuli. Harusi, msiba, popote. Anakaa mbali anasema ameshiba. Hajashiba."

Alima hakujua atazame wapi. Alikuwa anampenda mtoto yule. Ukoko ule alikuwa anamwekea makusudi, wenye tui, ule mzuri.

"Nimekusamehe," Judite akaendelea. "Padri ametufundisha kusamehe, na mimi nimesamehe kweli. Lakini chini ya mkono wako sitapika tena. Na sufuria rudi nalo."

Alima alinyanyuka. Judite akamzuia. Akaingia ndani, akatoka na bakuli, akaliweka mbele yake. Kilikuwa kisamvu cha karanga, kama kile cha zamani. Alima alikaa tena, akala mpaka akamaliza, na hakuwa na njaa hata kidogo. Akasema ahsante mara moja, akanawa, akabeba sufuria lake akaondoka.

Alipofika nyumbani alifanya jambo ambalo Aiuba hakulitegemea. Alichukua masufuria yote, na miiko, na upawa, akavipeleka nyumbani kwa Bi Mwajuma. Akaomba vikae huko. Mpishi yeyote mwenye kazi achukue na arudishe huko huko, bila kupita kwake. Yeye Alima asiulizwe na asisimuliwe nani kachukua. Alijijua. Mdomo wake ulikuwa bado ni uleule, kwa hiyo aliunyima habari.

Mwanzoni hakuna aliyekwenda. Watu walidhani ni mtego. Kisha Zubeida akachukua sufuria moja kwa ajili ya maulidi. Akakaa anasikiliza kisimani. Hakusikia kitu. Wengine wakafuata. Alima alipita barabarani akaona sufuria lake, lina kovu la jembe ubavuni, linatoa moshi kwenye uwanja wa watu. Mdomo ulimwasha. Akauma kanga akapita.

Akajifunza na kupokea. Mtu akimletea muhogo, anapokea. Samaki, anapokea. Kwa kweli alianza kuvihitaji, maana jiko la obra halikurudi. Msiingoje hadithi yangu ilirudishe. Kila adhuhuri kengele ya wajenzi inalia, wanakula chakula cha yule mama wa Palma, na Alima anaisikia kengele ile akiwa chini ya turubai.

Ilikuwa baada ya mavuno Zubeida alipobisha hodi. Alisema kuna harusi kubwa, wapishi wapo lakini anatakiwa mtu wa kusimamia wali. Alima akauliza wanataka masufuria mangapi. Zubeida akasema masufuria wameshachukua. Wanamtaka yeye.

"Lakini mkubwa wa jiko ni Judite," Zubeida akasema. "Utakubali?"

Alima alikubali.

Siku ya harusi alifanya kazi kama mpishi mgeni. Akiambiwa punguza moto, anapunguza. Akiambiwa ongeza maji, anaongeza, hata pale alipoona hayatakiwi. Kila mtu alikuwa na nafasi yake, na chakula kiliiva kabla ya adhuhuri. Mgeni mmoja, mwanamke mnene mcheshi, alikuja jikoni kusifu. Akayatazama yale masufuria, akauliza ni ya nani, na yalinusurikaje na vita. Zubeida aliacha kukata kitunguu.

"Ni ya wapishi wa Olumbi," Alima alisema, akaendelea kugeuza wali.

Baadaye kidogo Judite alimletea mchuzi kwenye kijiko. Alimwambia, "Onja chumvi, mana." Mkubwa wa jiko hamwombi kila mtu aonje. Alima akaonja. Akasema imetosha, ingawa machozi yalikuwa yamemjaa na hakujua kama ni chumvi ya mchuzi au ya nini.

Wageni walipokwisha kula, watoto wakaja na sahani zao kwa ajili ya ukoko. Binti wa Judite alikuwa amerefuka. Alisimama mbali, penye uzio, hana sahani. Alima alimwona. Akakwangua ukoko wa chini kabisa, ule mwekundu wenye tui, akajaza sahani, akanyanyuka. Mtoto alipoona nani anakuja, aligeuza uso akarudi nyuma hatua chache. Alima akasimama katikati ya uwanja na sahani yake.

Hakumwita. Alirudi jikoni, akaiweka sahani pembeni, akaifunika kwa kawa. Judite alikuwa ameona yote. Alifuta mikono, akaichukua ile sahani, akaipeleka mwenyewe penye uzio.

Mtoto aliipokea sahani. Kisha akachuchumaa akala. Alikula upesi, kama mtu aliyenyimwa siku nyingi, akafuta sahani kwa kidole. Hakuuliza nani kampakulia, na Judite hakumwambia.

Alima alimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akavuta sufuria karibu, akachota mchanga, akaanza kusugua.